Bwana Jicho Avishwa Miwani

Wapo watu wanaopewa jina la utani na wenzao, na wapo wanaojipa wenyewe kisha wakakaa kusubiri mtaa uzoee. Dalali wa nyumba tunayemsimulia hapa alikuwa wa kundi la pili. Alijiita Jicho. Akalichapisha jina hilo kwenye kadi zake za biashara, juu ya namba ya simu, kwa herufi nene, na watu wa mtaa wake, ambao hawana muda wa kugombana na mtu kwa jambo dogo, wakamwongezea "Bwana" mbele na kumwacha atambe. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema, wakaendelea na shughuli zao.

Sababu ya jina, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa kipaji. Alidai kwamba akimtazama mtu machoni mara moja tu, amekwisha kumjua: mwongo, mkweli, mlipaji, msumbufu. "Mimi vyeti sisomi, maneno sisikilizi," angekwambia hata hujamuuliza. "Mimi nasoma macho. Mtu anaweza kuufundisha mdomo wake kudanganya. Macho hawezi." Hiyo ya kutosikiliza maneno ilikuwa kweli tupu, kama tutakavyoona. Hiyo nyingine tungeiamini zaidi kama mpangaji wake mmoja, aliyemsifu kuwa ana macho ya mcha Mungu, asingehama alfajiri pamoja na milango ya makabati.

Kazi yenyewe aliijua, tusimnyime haki yake. Alitembea na fungu la funguo kiunoni, zikilia kila akipiga hatua, na kila nyumba aliifungua kwa mbwembwe kama aliyeijenga. Kabla mteja hajavuka kizingiti, Bwana Jicho alikwisha kuona pale rangi inapobabuka kwa unyevu, akaenda kusimama papo hapo, mgongo ukutani, mikono nyuma, akazungumza kutoka hapo hapo mpaka mteja akatoka. Mgongo wake umeziba nyufa nyingi kuliko saruji. Akishajipanga hivyo, alishusha macho kwenye viatu vya mteja, akapanda hadi kwenye saa ya mkononi, akarudi kwenye viatu. Kiatu kizuri kilipandisha kodi hapo hapo. Usoni hakufika. Wapangaji wake walipishana naye njiani akawapita kama nguzo za umeme, mpaka viatu vyao vimkumbushe.

Na alikuwa na neno lake. Bomba linavuja? "Hakuna shida." Geti halifungi? "Hakuna shida, hiyo ni kazi ndogo." Mteja alikuwa bado katikati ya malalamiko, neno limeshamtoka Bwana Jicho, kwa sauti nzito ya mtu aliyeelewa kila kitu, huku akili yake iko kwenye mlango wa pili. Alilitumia mpaka likamfuata nyumbani. Binti yake, mtoto wa pekee, alipomaliza chuo alimwomba aje kwenye mahafali. Alimweleza siku, saa na ukumbi. Baba akasema hakuna shida. Siku ilipofika alikuwa mtaa wa pili akionyesha vyumba, na alipopigiwa simu alishangaa kwa dhati kabisa. Nani alimwambia?

Mkewe alikuwa mshonaji, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. "Ukitaka baba yako akusikie, mwanangu," alimwambia binti siku ile ya mahafali, akimkunjia joho, "jipake rangi, usimame kama ukuta."

Basi siku moja akaja mchumba. Alikuwa fundi wa friji, kijana mwenye maneno machache, na alikuja na mjomba wake kama inavyotakiwa. Alikaa kwenye ncha ya kochi, magoti pamoja, akainamisha macho kama anavyofanya mtoto yeyote aliyelelewa akaleleka anapokuwa mbele ya baba wa watu. Mjomba alisema yaliyowaleta. Bwana Jicho akaegemea, akanyamaza kwa muda ili wamwogope, kisha akatoa hukumu.

"Huyu kijana hanitazami machoni," alisema. "Mtu asiyekutazama machoni ana kitu anakificha. Mimi mtoto wangu simpi mtu anayeficha kitu."

Mjomba alijaribu kusema ni heshima tu, mzee mwenzangu. Haikusaidia. Waliondoka, na mke alisubiri geti lifungwe ndipo akauliza, "Wewe ulijuaje kama hakutazami? Muda wote ulikuwa unatazama viatu vyake." Kweli viatu vya fundi vilikuwa na madoa ya mafuta ya mitambo, na kweli Bwana Jicho alikuwa ameyaona yote. Alijibu kwamba mambo ya kipaji hayaelezeki kwa wanawake. Hilo ndilo jibu analolitoa mtu wa aina yake akikosa jibu.

Binti hakupiga kelele. Alimwambia mama yake kwamba hatatoroka na mtu, hataolewa kwa mlango wa nyuma. Anataka neno la baba yake, litoke mdomoni mwake, na asipolipata ataendelea kuishi chumba kile kile mpaka nywele ziote mvi. Mama alimwambia basi aanze kuzihesabu.

Sasa, binti huyu alikuwa msaidizi wa maabara chuoni, katika chumba ambamo daktari mmoja mwanamke, daktari wa vitabu si wa sindano, alikuwa akichunguza jinsi watu wanavyotazamana wanapoongea. Hakutaka kuwakalisha mbele ya picha kwenye kompyuta. Alitaka watu wawili wa kweli, viti viwili, mazungumzo ya kawaida. Kila mmoja alivishwa miwani yenye kamera ndogo ndogo: moja inatazama mbele, nyingine zimegeuzwa zinayatazama macho ya mvaaji mwenyewe. Kompyuta ikiunganisha hizo picha, inachora nukta nyekundu juu ya kile kitu hasa anachokiangalia. Akiangalia pua yako, nukta iko puani. Akiangalia mlango, nukta iko mlangoni, hata kama anaitikia kwa kichwa. Utaona watu wanasomesha watoto wao miaka yote hiyo ili wakagundue nani anamtazama nani. Bibi yangu angewajibu bure. Ila bibi hakuwa na ushahidi.

Binti aliyasimulia hayo nyumbani wakati wa kula, bila hila yoyote, kwa kuwa walikuwa wanatafuta watu wa kujitolea. Baba yake, kwa mara ya kwanza katika miezi mingi, alimsikia. Neno "macho" lilikuwa limemgusa.

"Mashine ya kuonyesha mtu anaangalia wapi?" aliuliza. "Yaani kazi yangu mimi wameitengenezea mashine?"

"Kama hivyo, baba."

"Basi mwite huyo fundi wako wa majokofu. Tukae, tuvae, tuongee. Mashine ikionyesha ananitazama, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuwapa baraka. Ikionyesha hanitazami, sitaki kumsikia tena ndani ya nyumba hii."

Binti aliweka kijiko chini. "Unasema hivyo mbele ya mama?"

"Nasema mbele ya dunia nzima."

"Dunia ina kazi zake," alisema mke. "Mimi nimesikia, inatosha."

Siku ya siku Bwana Jicho alivaa koti, akanyoa ndevu, akafika chuoni kifua mbele kama mtaalamu aliyeitwa kukagua wanafunzi. Alimweleza daktari habari za kipaji chake toka mlangoni mpaka kitini. Daktari alikuwa na adabu, akasema watafurahi kujifunza. Wakamvisha miwani, wakamwambia atazame alama zilizobandikwa ukutani, moja baada ya nyingine, ili mashine iyazoee macho yake. Fundi wa friji alikwisha kukaa upande wa pili, miwani usoni, mikono mapajani. Daktari akawaambia waongee watakavyo: kila mmoja anaweza kumweleza mwenzake alivyoingia kwenye kazi yake, au jambo lolote lililo moyoni. Akafunga mlango, akaenda kukaa chumba cha pili na binti, mbele ya mitambo. Sauti na picha vilikuwa vinaingia kwenye kompyuta. Wao wenyewe hawakuvisikiliza, maana utaratibu ni kwamba rekodi ya kila mtu ifunguliwe yeye akiwepo, aeleze mwenyewe alikuwa anawaza nini.

Bwana Jicho ndiye aliyeanza, na alianza na utoto wake. Alieleza nyumba ya kwanza aliyopangisha, na ya pili, na jinsi alivyomgundua tapeli fulani kwa kope tu. Alijiona anaongea vizuri sana siku hiyo. Zamu ya fundi ilipofika, Bwana Jicho aliketi sawasawa, akaweka uso wa kusikiliza, anao mmoja mzuri kwa shughuli hizo, na hapo ndipo alipouona ufa.

Ulikuwa ufa mwembamba, umeanzia kwenye kona ya dirisha, unapanda. Akaufuata kwa macho, kwa mazoea tu. Ulikuwa umepigwa lipu juu juu, kazi ya watu wavivu. Akaona na soketi iliyolegea. Chumba kama hiki, alijiambia, ukikitia rangi nyeupe na kabati, unakipangisha kwa daktari wa meno. Kwa mbali sauti ya kijana iliendelea, ya chini, yenye kusitasita, na Bwana Jicho aliitikia kila iliponyamaza, kama mtu mwenye uzoefu. Mara moja alimtupia jicho la wizi, akamkuta ameinamia meza wakati anaongea, akafurahi moyoni. Amekwisha, huyu. Kisha akarudi kwenye dari, maana pale juu ya kiyoyozi palikuwa na doa la maji. Baadaye kijana alisimama, akampa mkono, mikono yote miwili, akaushika kwa muda mrefu kidogo. Bwana Jicho alidhani anaaga.

Wakaitwa wote chumba cha pili. Daktari alianza na rekodi ya fundi, bila sauti kwanza, ili waifuate nukta tu. Bwana Jicho akasogeza kiti mbele kama anayekwenda kuona mpira.

Nukta nyekundu ilikuwa usoni pake. Muda wote alipokuwa akisimulia utoto na nyumba na matapeli, nukta ya kijana ilikaa pale pale: jichoni, ikashuka mdomoni, ikarudi jichoni, ikashuka mdomoni. Haikutoka. Bwana Jicho hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na hakupendezwa na jambo hilo. Kijana alipoanza kuongea yeye, ndipo nukta ilipoteleza ikaenda mezani, ikapanda usoni kidogo, ikateleza tena.

"Hapo! Hapo!" Bwana Jicho alinyoosha kidole. "Mnaona? Anakwepa!"

"Hapo anatafuta maneno, mzee wangu," alisema daktari. "Watu wengi tuliowapima wako hivyo. Ukiongea jambo zito unaangalia pembeni ili ulipange. Ukisikiliza ndipo unarudi kwa mwenzako. Alipokuwa anakusikiliza, hakuondoa macho."

 Binti alikuwa ameshika kipanya cha kompyuta. Mama yake alikuwa amesikia ahadi, na sharti lake limetimia; ungedhani mambo yameishia hapo.

"Sawa," alisema Bwana Jicho, "sasa wekeni yangu, mwone mtu anayejua kutazama." Hakuna aliyemlazimisha. Hilo lazima lisemwe kwa ajili ya daktari, ambaye alimuuliza kabisa kama angependa aitazame peke yake. Yeye alisema aah, wapi, wekeni wote tuone.

Wakaiweka, safari hii pamoja na sauti. Nukta ya Bwana Jicho ilianza kwenye viatu vya fundi. Ikapanda kwenye saa, ikarudi kwenye viatu. Alipokuwa anasimulia habari zake, nukta ilihamia kwenye kioo cha dirisha nyuma ya kijana, ikatulia hapo kwa raha zake, na ilichukua muda wao kutambua kwamba kwenye kioo kile alikuwa anajiona mwenyewe. Fundi aliinamisha kichwa. Daktari alikohoa.

"Macho hayana pazia," alisema Bwana Jicho, akicheka peke yake.

Kisha ikaanza zamu ya fundi, na sauti yake ikajaa chumbani. Ilikuwa sauti ambayo Bwana Jicho, ingawa alikaa mbele yake, ndiyo kwanza anaisikia.

"Mzee," ilisema, "najua ulinikataa, na sikuja kubishana. Nilitaka niseme mwenyewe, bila mjomba." Nukta ilikuwa kwenye soketi. "Mimi baba yangu alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo sijui sana namna ya kukaa na baba wa mtu. Kama nilikosea siku ile, nisamehe." Nukta ikaukamata ufa, ikaanza kupanda nao pole pole. "Sina vingi. Kazi ninayo. Binti yako nampenda, na ameniambia hatoki kwenu bila neno lako. Mimi pia sitaki atoke bila neno lako." Nukta ikafika darini, ikazunguka kiyoyozi. "Basi nakuomba tena, mzee. Unaniruhusu?"

Nukta ilikuwa imetua juu ya doa la maji, katikati kabisa.

"Hakuna shida," ilisema sauti ya Bwana Jicho, nzito, ya mtu aliyeelewa kila kitu. "Hiyo ni kazi ndogo."

Kwenye rekodi fundi akasema asante mzee, asante sana. Ndipo ile mikono miwili ikaonekana inakuja.

Chumbani hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wacheke. Fundi wa friji aliinua kichwa, akamtazama Bwana Jicho, akaelewa. Alikuwa ametoka mle chumbani akiwa mtu aliyekubaliwa, na sasa aliona alikubaliwa pamoja na doa la maji. Binti aliachia kipanya.

"Hata mahafali yangu uliniambia hivyo hivyo, baba," alisema.

Bwana Jicho alisimama, akasema miwani ilikuwa inateleza, akaondoka. Funguo zake zilisikika zikilia mpaka mwisho wa korido.

Jioni, nyumbani, alikuwa amejipanga upya. Mtu mwingine angeona aibu. Yeye alitafuta mlango wa nyuma, maana udalali haumtoki mtu kirahisi. Alimwita binti na mama yake sebuleni, akasema ahadi ya mezani haipo, kwa kuwa kijana alikwepa alipoongea, na neno lile la kwenye rekodi halihesabiki. Mtu akisema jambo bila kuwa makini, bila hata kutazama, hilo si neno. Hata mahakamani wangelitupa.

"Kwa hiyo neno la mtu ambaye hakutazama si neno," alisema binti taratibu.

"Ndiyo maana yangu."

"Basi na lile la kumkataa si neno, baba. Siku ile nayo ulitazama viatu."

Mke alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Aliuvuta mpaka ukapita, akafunga fundo, akakata kwa meno. "Mkuki kwa nguruwe," alisema, na hakumalizia, kwa kuwa kila mtu anajua kwa nani unakuwa mchungu.

Bwana Jicho alikaa akitafuta pa kusimama. Hakukuwa na ukuta. Mwishowe alisema, kwa hasira ya mtu aliyeshindwa hesabu yake mwenyewe, "Haya, waje! Waje niwaambie!"

Walikuja, fundi na mjomba wake. Kijana alikuwa na viatu vile vile, amevisafisha, madoa hayakutoka. Alikaa kwenye ncha ile ile ya kochi. Hakuwa na furaha ya siku ile chuoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kudanganywa na mlango huu huu. Bwana Jicho alisafisha koo, akafungua mdomo, na macho yake, kwa tabia, yakaanza kuteremka.

"Hapana," mkewe alisema. "Umtazame usoni ndiyo useme."

Bwana Jicho akayainua. Ilikuwa kazi, yalitaka kwenda zao kama mbuzi aliyezoea kulala banda jingine. Aliona kovu dogo chini ya jicho la kushoto la yule kijana. Aliona jasho juu ya mdomo. Kisha akayafikia macho yenyewe, akatulia, akasubiri yamwambie kitu, kama alivyokuwa akiutangazia mtaa mzima kwamba humwambia.

Hayakumwambia kitu. Yalikuwa macho tu, meusi, yanasubiri jibu. Huenda yalikuwa na hofu. Huenda yalikuwa na dharau, na yangekuwa na haki. Bwana Jicho alitazama, akatazama tena, akatambua kwamba hajui, na kwamba hakuwahi kujua. Kilichobaki ni kuuliza kama watu wote.

"Utamtunza?"

"Nitamtunza, mzee."

Alisikiliza. Yalikuwa maneno mawili tu. Hakuwa na kingine cha kushika.

"Basi nimekubali," alisema, na sauti yake haikuwa nzito.

Mjomba akapiga makofi, mke akainuka kuleta vinywaji, na sebule ikajaa maneno. Bwana Jicho alimtafuta binti yake. Alitaka kumwona anavyofurahi. Alitaka, kusema kweli, aone kama amesamehewa, na hilo hakuna aliyeweza kumsomea. Binti alikuwa amemwegemea fundi wa friji anamweleza jambo, na fundi alikuwa anamsikiliza, jichoni, mdomoni, jichoni, vile vile kama kwenye rekodi. Baba alimtazama binti usoni kwa muda mrefu, labda kuliko siku zote za maisha yake zikijumlishwa. Alisubiri ageuke. Hakugeuka.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "yale ya mahafali, nilikuwa nataka nikwambie..."

"Hakuna shida, baba," alisema binti, bila kugeuza kichwa.